Deni la Waliosomeshwa na Umma

Kila Januari kuna karatasi inayozunguka katika nyumba za Tanzania Bara na kupima mifuko ya watu kuliko takwimu yoyote. Ni maelekezo ya kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya serikali. Ina mhuri wa shule, imetolewa fotokopi mara nyingi mpaka herufi zimefifia, na ndani yake kuna orodha: godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili, chandarua, tranka la bati na kufuli lake, ndoo mbili, sahani, kikombe na kijiko, jembe au fyekeo, mfagio wa chelewa, rimu ya karatasi, kaunta buku kwa kila somo, kamusi, viatu vyeusi vya kamba, sare jozi mbili na sweta la rangi ya shule. Ada haimo. Serikali iliifuta katika shule zake kuanzia Januari 2016, kwanza mpaka kidato cha nne, na baadaye, mwaka 2022, ikafuta hata ya kidato cha tano na cha sita.

Mtumishi wa halmashauri huisoma karatasi hiyo akaguna, akaenda dukani Jumamosi, akamaliza. Mkulima wa mahindi wa Kongwa huisoma kwa namna nyingine: hiki tutaazima, kwa hiki tutauza debe mbili, hiki tumuulize baba yake mdogo aliyeko Dar es Salaam. Jembe lipo nyumbani, ataondoka nalo. Godoro ndilo kazi. Kisha kuna nyumba ya tatu ambako karatasi hiyo haifiki kabisa. Mtoto wa huko naye kachaguliwa na serikali, jina lake limo, lakini wazazi hawakwenda hata kulitazama. Nafasi yake ilikwisha kulipiwa tangu Oktoba katika shule binafsi.

Ukimuuliza mwenye nyumba hiyo ya tatu alikosoma yeye, mara nyingi atakutajia shule ya serikali, tena kwa fahari: Tabora, Pugu, Minaki, Malangali, Ilboru, Kilakala. Atakusimulia mabweni, maharage yenye wadudu, paredi ya alfajiri na safari ya treni ya daraja la tatu. Aliyemlipia yote hayo ni mkulima wa pamba, wa kahawa na wa korosho, kupitia kodi na makato ya mazao yake. Sehemu kubwa ya tabaka la kati la Tanzania ilijengwa kwa fedha ya umma, na ilipokwisha kusimama ikawaondoa watoto wake katika shule za umma, kimya kimya, familia moja baada ya nyingine. Hakuna sheria iliyoamuru jambo hilo wala mkutano uliolipitisha. Lakini limegawa nchi kuliko sheria nyingi.

Kupanda kwa njia ya shule hakukuanza na Uhuru. Waingereza waliendesha Tanganyika mifumo mitatu ya elimu, wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika, na wa Waafrika ndio uliopewa kidogo kuliko yote. Hata humo nafasi zilikuwa na wenyewe. Shule ya Serikali Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920, ilikusudiwa hasa watoto wa machifu, waje kuwa wasaidizi wa utawala. Julius Nyerere, mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937 baada ya kufaulu vizuri katika shule ya Mwisenge, Musoma. Akili alikuwa nazo, hakuna anayebisha. Lakini wako wenye akili waliozaliwa mwaka mmoja naye katika nyumba za wachunga mbuzi, nao hawakupata pa kwenda.

Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa mwaka 1962. Ada za sekondari za serikali ziliondolewa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, na baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule nyingi za madhehebu ziliwekwa chini ya serikali. Mwanafunzi aliyechaguliwa alipewa waranti ya kusafiria, karatasi iliyompandisha treni au basi kutoka Kigoma mpaka Moshi bila mzazi kutoa senti. Alikuta kitanda, chakula na madaftari. Watoto walichanganywa kwa makusudi: wa Newala akaenda kusoma Bukoba, wa Rombo akajikuta Songea. Mtoto wa katibu mkuu wa wizara alilala kitanda cha juu, wa mkulima akalala cha chini, wakala sahani za ugali zilizopakuliwa kwa kijiko kimoja. Wengi wa waliokuja kuongoza nchi hii walijuana hapo.

Na siasa za wakati huo zilikwenda sambamba na shule. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kulipwa sehemu tu ya mshahara. Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na hapohapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi minne baadaye likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio, Nyerere alieleza kuwa tofauti kati ya mshahara mkubwa kabisa na mdogo kabisa katika utumishi wa umma, baada ya kodi, ilikuwa imeshuka kutoka kama 50 kwa 1 wakati wa Uhuru mpaka kama 9 kwa 1. Kiongozi na mfagizi wa ofisi yake walikuwa bado mbali, ila waliweza kuonana.

Siandiki haya kwa kutamani yarudi kama yalivyokuwa. Ngazi ile ilikuwa ya haki kuliko zilizoitangulia, lakini ilikuwa nyembamba mno. Kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, iliyotokana na Azimio la Musoma la 1974, iliingiza mamilioni ya watoto darasani kufikia mwaka 1977. Sekondari haikutanuka nao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kati ya kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba, walioingia kidato cha kwanza cha serikali hawakufika 10. Waliobaki waliambiwa wakajitegemee kwa jembe. Wako wazee leo, watu wa akili kali, wanaokumbuka alama iliyowaangusha utadhani walifanya mtihani ule juzi.

Na haki yenyewe haikuanza pote kwa mstari mmoja. Wamisionari walipenda nyanda za juu zenye baridi, na kahawa nayo ikaota vizuri hukohuko. Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe walipata shule mapema na wakapata fedha ya kuzilipia. Chama cha ushirika cha Wachagga, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, kilitumia fedha ya kahawa kusomesha watoto wa wanachama. Lindi, Mtwara, Pwani na mikoa ya wafugaji ilibaki nyuma, na kwa Waislamu wengi shule iliyokuwapo ilikuwa ya kanisa, jambo lililofanya mzazi asite. Serikali iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa ili kupunguza pengo hilo, hatua iliyolalamikiwa sana Kilimanjaro. Huko wazazi walijibu kwa kuchanga na kujenga sekondari zao wenyewe, nyingi sana, mpaka pengo likarudi kwa mlango mwingine. Watafiti waliochambua takwimu za sensa za nchi zaidi ya 20 za Afrika, wakachapisha kazi yao mwaka 2021, walikuta hali kama hiyo barani kote: nafasi ya mtoto wa mzazi asiyesoma kumaliza walau shule ya msingi inategemea sana wilaya alikokulia, na wilaya zilizopata misheni na reli wakati wa ukoloni bado ziko mbele.

Kisha ukaja ukata. Vita vya Kagera, bei za mazao kuanguka, maduka matupu, na mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ada zikarudi katikati ya miaka ya 1980. Madawati yakavunjika yasitengenezwe, mwalimu akawa anauza maandazi na barafu wakati wa mapumziko ili mwezi uishe. Wenye uwezo hawakusubiri. Wa kwanza walipeleka watoto Kenya na Uganda, na miaka ya 1990 shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza ziliporuhusiwa kuongezeka, safari ya mpakani ikawa haina haja. Februari 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ya uongozi. Kiongozi aliruhusiwa kupangisha nyumba, na kodi ya nyumba hiyo ikalipa ada.

Simlaumu mzazi aliyemtoa mtoto wake katika darasa la watoto 120 wenye mwalimu mmoja. Ningekuwa na uwezo huo wakati ule, na mtoto wangu ameketi sakafuni, ningefanya vivyo hivyo. Ila tuangalie kilichoondoka pamoja na mtoto huyo. Aliondoka na baba anayejua kuandika barua kwa mkurugenzi ikajibiwa. Aliondoka na mama ambaye ni daktari na angeuliza kwa nini vyoo havina maji. Kamati ya shule ilibaki na watu wema wasiosikilizwa na mtu. Shule ya umma ikawa ya watu wasio na namna, na mitaani ikaitwa Kayumba, jina ambalo watoto wenyewe hulitaja kwa kicheko chenye uchungu ndani yake.

Serikali ilijaribu tena, na ilijaribu kwa kishindo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na chini ya Waziri Mkuu Edward Lowassa kila kata ikasukumwa kujenga sekondari yake. Watu walichanga, walisomba mchanga na kufyatua matofali. Kwa muda mfupi mlango wa kidato cha kwanza, ambao kwa miaka 40 ulikuwa tundu la sindano, ukawa lango la kupita watu wengi. Sitaki mtu aidharau kazi hiyo. Kuna wauguzi, walimu na wahasibu leo ambao bila shule ya kata wangekuwa wameolewa wakiwa na miaka 15 au wamekwenda mjini kuuza karanga.

Lakini majengo yalitangulia walimu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliitikisa nchi: karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na Mei mwaka huo matokeo yakapangwa upya. Wakati huohuo orodha ya shule kumi bora, ambayo Baraza la Mitihani liliitangaza kila mwaka mpaka lilipoacha mwaka 2023, ilikuwa imejaa shule za binafsi na za seminari. Hapo awali walitengwa wanaoingia sekondari na wasioingia. Sasa wote wameingia, na wanatengwa wakiwa ndani.

Kinachowatenga zaidi ya vyote ni lugha ya darasani. Chukua somo la Biolojia kidato cha kwanza katika shule ya kata, mwezi wa pili wa mwaka. Mwalimu anasoma sentensi kwa Kiingereza. Macho yameganda. Anairudia kwa Kiswahili, darasa linachangamka, mikono inanyooshwa, mtoto wa nyuma anatoa mfano wa mbuzi wa kwao na mfano ni sahihi kabisa. Mwalimu anamsifu, kisha anageukia ubao na kuandika notsi kwa Kiingereza, maana mtihani utakuja kwa Kiingereza. Watoto wananakili, herufi kwa herufi, na wengine wanaruka neno bila kujua kwamba sentensi imepoteza maana. Miezi tisa baadaye yule mtoto wa mfano wa mbuzi anaulizwa swali lilelile kwenye karatasi. Jibu analo. Lugha ya kulitolea hana. Anaandika mistari miwili aliyoikariri na kupata alama mbili katika kumi.

Mwenzake aliyeanza Kiingereza akiwa na miaka minne hana tatizo hilo. Huenda hamzidi akili hata kidogo. Anamzidi miaka minane ya maandalizi ambayo wazazi wake waliinunua. Mwaka 1982 tume ya Rais ya kuchunguza elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na kila mjadala mpya wa sera tangu hapo umelikuta palepale. Wapo wanaosema wazazi wanaopenda Kiingereza wana kasumba. Hapana. Mzazi wa Tandale anaona matangazo ya kazi, anaona usaili, anaona nani anaitwa, na hesabu anayoipata ni sahihi. Kosa ni la utaratibu unaomfundisha mtoto kwa lugha moja miaka saba na kumpima kwa nyingine, huku walioweka utaratibu huo wakiwa wamewakinga watoto wao wasipite humo. Ama Kiingereza kifundishwe vizuri, na walimu wanaokijua, katika shule zote kuanzia chini, ama mtihani uje kwa lugha ambayo mtoto anafikiri nayo. Njia ya tatu tuliyonayo sasa inawapa nafuu waliokwisha kununua tu.

Mgawanyiko huo una sura ya barabarani pia. Saa kumi na moja alfajiri Mbagala, Gongo la Mboto au Mbezi, mabasi ya njano ya shule binafsi yanasimama kwenye mageti, matroni anamshika mtoto mkono na kumpandisha akiwa nusu usingizini. Mita chache kutoka hapo, kituo cha daladala kimejaa sare za shati jeupe na sketi ya bluu. Nauli ya mwanafunzi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, ya mtu mzima ni mara mbili au tatu yake. Konda ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, na kila mwanafunzi aliyeketi ni mtu mzima aliyeachwa. Basi anaziba mlango kwa mkono, anawachagua wawili, wanasimama karibu na injini, gari linaondoka. Waliobaki wanakimbilia linalofuata. Wengine watafika shule kipindi cha pili, wachapwe kwa kuchelewa. Ukifika mchana ukimkuta mtoto huyo amelalia dawati, usiseme hapendi shule.

Takwimu zinasema jambo lililo karibu na hilo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulionyesha kuwa Watanzania Bara wanaoishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walipungua kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4, huku kipimo cha Gini cha tofauti za matumizi kikipanda kutoka 0.34 hadi 0.38. Maskini walipungua kidogo na pengo likakua. Vijijini umaskini ulikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8. Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, tukashangilia, na kushangilia kulistahili. Lakini nchi kupanda na mtoto wa Kongwa kupanda ni mambo mawili. Hata nchi tajiri zinalijua hilo: mwaka 2018 shirika la OECD lilikadiria kuwa familia ya kipato cha chini ingehitaji wastani wa vizazi vinne na nusu kufikia kipato cha wastani katika nchi wanachama, viwili tu Denmark, na 11 Colombia. Wadenmark hawana damu tofauti. Wana shule na zahanati ambazo mtoto wa waziri na wa mvuvi wanazitumia pamoja.

Kwetu, pale umma ulipolegea, ukoo ndio uliobeba. Hili linahitaji kusemwa kwa heshima, maana ndilo lililotufikisha hapa. Mtu mmoja akitoka, yaani akipata kazi ya mshahara, anageuka kuwa bodi ya mikopo ya ukoo. Tarehe ya mshahara simu haikauki. Mpwa anadaiwa hela ya mtihani wa majaribio. Mtoto wa marehemu kaka amechaguliwa Tabora, anahitaji tranka. Binamu anamaliza chuo cha ualimu, bado mhula mmoja. Bibi anaumwa macho. Mwenye mshahara anagawa kwa simu usiku, hapa elfu thelathini, pale elfu hamsini, na anaficha salio ili mwenzake wa ndoa asijue limebaki kiasi gani.

Mtu huyohuyo, kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kulipa Bodi ya Mikopo, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Mwenzake aliyekaa naye dawati moja chuoni, ambaye baba yake alimlipia ada taslimu, hakatwi kitu na hapigiwi simu na ukoo, kwa sababu ukoo wake una watano wa kupigiwa. Wanaanza kazi siku moja, ofisi moja, mshahara mmoja. Baada ya miaka kumi mmoja ana kiwanja Kigamboni na msingi wa nyumba umeinuka. Mwingine amesomesha watoto sita wasio wake na bado amepanga vyumba viwili Kimara. Watu watamwambia hana mipango. Mimi naona ndiye aliyefanya kazi ya serikali kwa mshahara wa ukarani, na kadiri alivyowavuta wengine ndivyo alivyochelewa kupanda mwenyewe. Mtoto wake wa kumzaa, pengine, atarudi Kayumba.

Na wapo waliotafuta njia za pembeni. Aprili 2017 uhakiki wa serikali uliwataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kughushi ni kosa, na aliyeajiriwa kwa cheti cha mwingine alimnyima mwingine nafasi. Ila wengi wao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, na hata serikali baadaye, mwaka 2022, iliamua warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii. Kwangu, idadi hiyo inasema jinsi karatasi moja ya kidato cha nne ilivyogeuzwa kuwa mpaka kati ya kula na kutokula. Siku hizi hata aliyeipata kwa jasho lake anaambiwa cheti pekee hakitoshi, atafute koneksheni. Koneksheni nazo zinarithiwa. Kijana wa Masaki anapata nafasi ya kujitolea bila malipo miezi sita kwenye shirika la kimataifa kwa sababu rafiki ya mama yake anafanya kazi huko, na kwa sababu nyumbani anakula bure. Wa Kongwa hawezi kufanya kazi miezi sita bila kulipwa hata akiitwa kwa jina.

Najua jibu linalokuja: mbona wapo waliotoka Kayumba wakawa maprofesa? Wapo, nami nawapenda kwa dhati. Serikali bado ina shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, na mtoto wa mfugaji akifaulu sana anaweza kuketi humo. Lakini nchi inayompandisha mtoto wa maskini pale tu anapokuwa wa ajabu, na kumpandisha mtoto wa tajiri hata akiwa wa kawaida, haijawatendea watoto hao wawili sawa. Watoto wengi ni wa kawaida. Nao wana haki ya kuwa mafundi sanifu, wauguzi na makarani wenye nyumba ya matofali.

Ndiyo maana naliita deni. Waliosomeshwa na umma wako mabenki, wizarani, bungeni, mahakamani, vyuoni. Siwaombi wawarudishe watoto wao Kayumba kesho asubuhi. Nawaomba waipiganie Kayumba kama wanavyoipigania shule wanayoilipia, ambako mwalimu akikosekana wiki moja simu inapigwa kwa mkuu wa shule. Wahitimu wa zamani wa shule kongwe wamekwisha kuanza kukarabati mabweni yao ya ujana, na hilo ni jema. Shule zao za msingi kule kijijini, walikojifunzia a, e, i, o, u, hazina mtu. Diwani akipitisha bajeti ya halmashauri yenye gari jipya na isiyo na nyumba ya mwalimu, mhasibu wa halmashauri hiyo, aliyesoma kwa waranti, ajue amesaini nini.

Kama ningepewa kitu kimoja cha kuanza nacho, ningechagua mabweni ya wasichana katika shule za kata zilizo mbali. Shule nyingi kati ya hizo ziko kilomita nane, kumi na zaidi kutoka vijiji vinavyozitegemea. Mzazi asiyetaka binti yake atembee gizani humpangishia chumba karibu na shule, na watoto wawili au watatu wa miaka 14 wanaishi humo peke yao, wakipika kwa mkaa, wakifunga mlango wa mbao kwa kufuli dogo. Wenyewe huviita mageto. Ijumaa wanarudi nyumbani kuchukua unga, Jumapili wanarejea. Anayewasaidia unga unapokwisha Jumatano mara nyingi ni mwenye bodaboda au muuza duka, na msaada huo unajulikana unavyodaiwa. Binti akipata mimba anatoka shule. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua, lakini geto lile bado lipo, na unga bado unakwisha Jumatano. Bweni la vitanda 80, matroni mmoja na jiko lenye chakula linaweza kujengwa kwa fedha ambayo halmashauri nyingi hutumia kwa posho na safari. Vikao vya bajeti za halmashauri hufanyika kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai, na mkazi yeyote anaweza kwenda kuketi na kusikiliza. Waliosoma bure wawe wa kwanza kufika.